Ufunguo wa Stoo ya Baridi

Sogezeni viti. Kisa hiki nitakisimulia mpaka mahali fulani, kisha nitanyamaza, na kazi itakayobaki itakuwa yenu. Sharti langu ni moja tu: asinikatize mtu kwa kusema tayari anajua ni nani. Mtu wa namna hiyo huwa ndiye wa kwanza kubadili mawazo kabla chai haijapoa.

Chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa tambarare ambako jua halimhurumii mtu, palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege na kampuni yenye ndege tatu. Kazi ya ndege hizo ilikuwa kuzunguka mlima, kutazama kama kuna moto msituni na kupiga picha za barafu ya kileleni. Rubani aliondoka kiwanjani shati limemganda mgongoni kwa jasho, na baada ya nusu saa alikuwa juu ya mahali ambako maji ya chupa hugeuka jiwe. Ndiyo maana kila ndege ilibeba begi moja la dharura, lenye vitu vya kuwaweka hai watu wawili kwenye baridi kali kama ndege ingelazimika kutua huko juu: hema dogo, mifuko ya kulalia, jiko la spiriti, viberiti, mshumaa, soksi, sukari, filimbi, na kioo cha kumulikia ndege zinazowatafuta.

Mabegi hayo yalitunzwa katika chumba kilichoitwa Stoo ya Baridi. Ungeingia humo ungecheka, maana ndicho kilichokuwa chumba cha joto kuliko vyote pale kiwanjani: paa la bati, dirisha moja, na hewa nzito ya mpira na dawa ya nondo. Lakini jina lina nguvu yake. Kwa kuwa watu walizoea kusema stoo ya baridi, miaka ilienda ikarudi, na hakuna aliyekaa akafikiria habari ya joto.

Stoo ilikuwa na desturi yake. Kila begi lilining'inizwa kadi, na kadi ilikuwa na nafasi ya jina moja, si mawili. Mwenye kampuni, Mama Ufoo, alikuwa mjane mwenye sauti ya chini ambaye hajawahi kurudia agizo. Yeye alisema kadi yenye majina mawili haina jina, kwa sababu likitokea la kutokea kila mmoja atamtazama mwenzake. Aliyetia jina ndiye aliyebeba roho za watu wawili. Miaka yote jina lilikuwa la mkaguzi mkuu, Mzee Kiwelu, aliyevaa ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya kiatu, hata msibani. Mwezi wa tano Mzee Kiwelu akastaafu. Ufunguo ukatundikwa msumarini, Mama Ufoo akasema mpaka ampate mkaguzi mpya, yeyote kati ya watu watatu waliobaki stoo anaweza kutia jina kwenye kadi.

Wa kwanza kati ya hao alikuwa Mzee Shemdoe, Msambaa wa Korogwe, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Kipaji chake kilikuwa uzito. Ungempa kiazi mkononi akakutajia gramu zake, ukienda kupima unakuta amekosea kwa kiasi cha maganda. Kila Jumatatu aliweka mabegi yote kwenye mizani bila kuyafungua na kuandika uzito wake katika daftari lenye jalada jekundu. Walimtania kwamba nyumbani hali ugali mpaka aupime. Alikuwa ameusubiri ufunguo ule kwa miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kumwambia mtu, na kila mtu alijua.

Wa pili alikuwa Bi Nakijwa, Mpare wa Usangi, fundi wa kushona mahema na mikanda. Kipaji chake kilikuwa kwenye vidole. Alifumba macho, akapitisha mshono katikati ya kidole gumba na cha shahada, na akakuambia uzi upi umechoka na upi bado una siku zake. Alilipwa kwa kila kipande alichoshona, na kwa miaka tisa jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye kadi yoyote, kwa kuwa washonaji hawakuhesabiwa kuwa wakaguzi. Sasa kwa mara ya kwanza aliambiwa anaweza kuandika jina, na jambo hilo lilimfanya awe mkali zaidi hata na sindano zake.

Wa tatu, na huyu ndiye nitakayemfuata, alikuwa Sekela Tweve. Alitoka Makete, kule ambako mwezi wa saba mashamba ya viazi huamka meupe kwa jalidi na watu huvaa makoti mawili kwenda kuchota maji. Kipaji chake kilikuwa ni kuijua baridi. Wenzake waliijua kwa kusoma vitabu vya maelekezo, lakini yeye aliijua kwa kuzika. Kaka yake mkubwa, Lwitiko, alikuwa utingo wa lori la viazi lililokwama kwenye uwanda wa Kitulo wakati wa kipupwe. Walimkuta asubuhi ameketi ubavuni mwa gurudumu, kiberiti kimejaa mfukoni, na turubai zito likiwa limefungwa juu ya mzigo kwa kamba. Vidole vilikuwa vimegoma kushika njiti na vimegoma kufungua fundo. Kila kitu cha kumwokoa kilikuwepo, na hakuweza kukifungua.

Mkataba wa Sekela ulikuwa unaisha tarehe thelathini Juni. Akipata ufunguo, anabaki. Asipoupata, anafunga sanduku na kurudi kwao kuvuna viazi. Cheo hakikumsumbua. Aliutaka ufunguo ule kwa sababu, tangu amzike kaka yake, stoo ile ndiyo ilikuwa mahali pekee alipohisi kuna kitu bado anaweza kumfanyia. Hilo aliliweka moyoni, na liliuma.

Haya, tuingie kwenye wiki yenyewe.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Juni, Mzee Shemdoe alipima begi namba mbili, ambalo lilipangiwa kuruka Alhamisi. Lilikuwa limepungua gramu sitini. Lakiri yake ya plastiki ilikuwa nzima, na tarehe yake ya kufunguliwa ilikuwa Julai. Wenzake walimwambia mizani imechoka kama yeye. Hakubishana. Alikwenda dukani, akanunua pakiti ya sukari ya kilo moja, akaiweka kwenye mizani, na mizani ikasema kilo moja. Ndipo akachukua mkasi na kukata lakiri, jambo ambalo lilikuwa kosa kabla ya tarehe, na ambalo Mzee Kiwelu asingelifanya hata kwa kushikiwa panga.

Ndani mlikuwa na maafa. Chupa ya spiriti ilikuwa imepasuka kifuniko na kuvuja, viberiti vimekuwa uji, mshumaa umeyeyuka na kugandana na soksi. Begi la baridi lilikuwa limeuawa na joto. Mzee Shemdoe aliketi juu ya kasha, akaanza kueleza mwenyewe bila kuulizwa. Miaka mitatu nyuma mchwa walikuwa wamepanda kwenye rafu za chini, naye, kwa uangalifu wake, akayahamishia mabegi yote rafu ya juu kabisa, mkono mmoja tu kutoka kwenye bati.

"Mimi ndiye niliyeyapika," akasema.

Hakuna aliyemtania siku hiyo. Walishusha mabegi yote chini, wakafungua na mengine, na kazi ikaanza. Yeye akabadilisha spiriti, viberiti na mshumaa, akipima kila kimoja kana kwamba anapima dawa ya mtoto.

Bi Nakijwa alichukua hema. Alifumba macho, akapitisha mshono wa kwanza vidoleni, akauvuta kidogo, na uzi ukakatika kama tambi iliyochemka sana. Joto lilikuwa limeula uzi wote kimyakimya huku kitambaa kikibaki kizuri machoni. Alifumua hema zima na kulishona upya kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili, Jumanne na Jumatano, na Jumatano jioni akasema limekwisha.

Sekela alichukua mifuko ya kulalia. Ilikuwa ya manyoya ya bata, mizito na ya bei, lakini alipoibonyeza ilikaa bapa bila kuinuka. Kitabu kilisema ni mizima kama haina tundu. Sekela hakukiamini kitabu. Alikwenda mjini kwa mwenye bucha mmoja aliyemfahamu, akamwomba amfungie ndani ya chumba cha kugandishia nyama, katikati ya mapaja ya ng'ombe, akiwa ndani ya mfuko mmojawapo. Mwenye bucha alidhani ni mambo ya waganga, lakini alimfungulia. Baada ya saa moja Sekela alitoka meno yanagongana, na jibu analo. Manyoya yalikuwa yamebanwa kwenye joto muda mrefu mno mpaka yakawa mabonge. Jumanne na Jumatano alifua, akaanika juani na kupigapiga kwa viganja, bonge moja baada ya jingine, mpaka mifuko ikavimba kama mandazi. Kisha, kwa ajili ya Lwitiko, akafanya jambo ambalo halikuandikwa kwenye kitabu chochote. Alikata vibanio vyote vya plastiki vya begi, vilivyohitaji vidole viwili vyenye nguvu, na mahali pake akatia vitanzi vikubwa vya kamba ambavyo mtu angeweza kuvivuta hata kwa meno.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapokisimulia kisa hiki, kwa hiyo lisikilizeni vizuri. Mifuko iliyovimba haikuingia tena kwenye begi. Na soksi za zamani ziliharibika kwa mshumaa, kwa hiyo Sekela alikuwa ametia jozi mbili za sufu nene alizofuma mama yake Makete. Begi likakataa kufungwa. Lazima kitu kitoke. Sekela alitazama vitu vyote, na mkono wake ukatua kwenye kioo. Kilikuwa kioo kizito ndani ya kasha lake, cha kumulikia jua. Lakini baridi aliyoijua yeye ilikuja na ukungu siku zote. Kule Kitulo, siku watu wanapokufa kwa baridi, jua halionekani. Kioo cha nini kwenye ukungu? Akakitia mfukoni mwa ovaroli yake akikusudia kumwambia Mzee Shemdoe. Begi likafungika, likapandishwa kwenye mizani, na mizani ikasema uzito uleule unaotakiwa, bila gramu kuzidi wala kupungua. Mzee Shemdoe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Sekela akaona haya kumharibia furaha, akanyamaza.

Alhamisi ndege ilipaswa kuondoka saa moja asubuhi, wakati mlima ukiwa wazi. Rubani alikuwa Kapteni Ndekirwa, Mmeru asiyependa maneno mengi, pamoja na fundi wake, Olotu. Saa moja kasoro, Bi Nakijwa alikuja kuligusa hema kwa mara ya mwisho. Vidole vyake vikasimama kwenye mshono wa mgongoni, ule unaobeba hema zima. Ulikuwa umeshonwa, ila haukumridhisha. Akaanza kuufumua. Kapteni akasimama mlangoni na saa yake mkononi, akamwambia mlima hausubiri.

"Kapteni," Bi Nakijwa akajibu bila kuinua uso, "ukitaka hema la kuonyesha watu, lichukue hili. Ukitaka la kulala, nisubiri."

Kapteni akasubiri saa tatu nzima. Ilipofika saa nne, begi lilikuwa tayari, na kileleni wingu lilikwishaanza kujikusanya. Sasa ikabaki kadi. Hapo ndipo mngewaona wenzetu. Mzee Shemdoe akasema Bi Nakijwa ndiye aliyeshika begi mwisho, aandike yeye. Bi Nakijwa, aliyesubiri miaka tisa kuandika jina, ghafla akakumbuka kwamba yeye ni mshonaji tu na mambo ya spiriti hayajui. Sekela akahisi kioo kikimgusa paja kupitia mfuko wa ovaroli, akasema mzee ndiye mkubwa wa watatu. Kadi ikazunguka meza mara mbili. Kapteni akaichukua, akaandika jina lake mwenyewe, akapanda ndege.

Saa tano wingu likawafunika. Injini ikakohoa na kuzima, na Kapteni, kwa ustadi ambao marubani wanauzungumzia mpaka leo, aliilaza ndege kwa tumbo kwenye uwanda wa mawe wa juu mlimani. Redio ilivunjika. Kapteni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mguu wa kushoto wa Olotu ukabanwa huku maji ya kijito yakijaa kiatuni. Mchana ule baridi iliwashukia pamoja na upepo. Kapteni alipomnasua Olotu na kulifikia begi, mkono mmoja ulikuwa umevunjika na wa pili umekufa ganzi. Alivuta vitanzi kwa meno. Begi likafunguka. Upepo ulilipiga hema usiku kucha mpaka Olotu akawa anangoja lipasuke, lakini mshono wa mgongoni haukuachia. Viberiti viliwaka kwa njiti ya kwanza, jiko likachemsha maji ya sukari, na watu wawili wakaingia kwenye mifuko iliyovimba, soksi za Makete miguuni.

Asubuhi ukungu ulikuwa chini yao, na juu yao jua kali lisilo na doa. Saa moja ndege ya kuwatafuta ikapita. Olotu akamwaga begi zima chini akitafuta kioo. Saa tatu ikapita tena, karibu zaidi, wakamwona hata rubani wake, naye hakuwaona katikati ya mawe. Walidhani kioo kilianguka wakati wa kutua. Wakawasha moto kwa vichaka vibichi, na saa saba mchana askari wa hifadhi waliokuwa wakipanda kwa miguu wakafuata moshi na kuwapata. Wote wawili walipona. Ila mguu wa Olotu uliokuwa umelowa ulikaa muda mrefu mno bila daktari, na hospitali wakamkata vidole viwili.

Daktari alisema mambo mawili, nami nayarudia kama alivyoyasema. Kwamba bila moto, bila hema au bila mifuko ile, wasingeiona asubuhi. Na kwamba Olotu angefikishwa hospitali mapema kwa saa sita, pengine vidole vingebaki.

Tarehe ishirini na nane Juni, Mama Ufoo aliwaita wote kwenye stoo. Kapteni alikuja na mkono kwenye plasta, Olotu na magongo. Ufunguo ukatolewa msumarini na kuwekwa mezani, na pembeni yake kadi tupu ya begi namba moja, litakaloruka kesho yake saa moja asubuhi. Mama Ufoo akasema anampa ufunguo mtu mmoja, yule ambaye bila yeye watu hawa wawili wasingekuwepo, na akamwomba Kapteni amtaje.

Kapteni akasema hilo ni gumu. Akasema, "Nikifumba macho nasikia hema likipigwa na upepo. Nikiyafumbua naona njiti inawaka. Nikila, nakumbuka kamba mdomoni."

Wakapewa nafasi ya kusema kila mmoja. Mzee Shemdoe alisema bila mizani yake begi lisingefunguliwa, na sindano na viganja vya wenzake visingepata cha kushika. Ni kweli. Bi Nakijwa akasema begi kufunguliwa ni jambo moja, lakini njiti gani ingewaka kwenye upepo ule bila hema juu yake. Ni kweli pia. Sekela hakusema mengi. Kapteni ndiye aliyemsemea, kwamba moto na hema vingebaki ndani ya begi, yeye akivitazama tu, kama si vile vitanzi. Maneno hayo yalimpata Sekela mahali pabaya. Alimwona Lwitiko ubavuni mwa gurudumu, na macho yakamjaa machozi.

Mama Ufoo aliona. Mkono wake ukasogea kwenye ufunguo, ukaushika, ukaanza kuelekea upande wa Sekela. Siku mbili zilikuwa zimebaki kwenye mkataba. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua habari ya kioo, na Olotu mwenyewe alikwisha kumsamehe Mungu kwa kukipoteza.

Sekela akaingiza mkono mfukoni, akakitoa kioo, akakiweka mezani.

"Hakikuanguka," akasema. "Nilikitoa mimi. Kwetu baridi haiji na jua, nikadhani ni hivyo kila mahali. Kaka Olotu, nisamehe."

Juu yao bati lililia kwa joto. Mzee Shemdoe alikichukua kioo, akakipima kiganjani, kisha akazitazama soksi nene za Makete miguuni mwa Olotu, akaelewa jinsi mizani yake ilivyodanganywa. Iliyomuuma zaidi ni kwamba alitabasamu siku ile. Lakini alikuwa mtu wa haki, akasema kama ni siku ya kutoa vilivyo mifukoni, yeye ndiye aliyeyaweka mabegi chini ya bati, na bila hilo pasingeharibika kitu, mifuko isingebonyea, na kioo kisingetoka. Bi Nakijwa alikuwa ameinamisha kichwa. Naye akasema saa tatu alizomweka Kapteni mlangoni ndizo zilizompeleka kwenye wingu. Angeondoka saa moja, huenda wangekuwa wamerudi kula chakula cha mchana, hema likiwa halijafunguliwa hata kamba.

Mama Ufoo akamgeukia Olotu, maana vidole vilikuwa vyake. Hasira ilipita usoni mwake, kila mtu aliiona, na hakuificha.

"Viwili vimekwenda," akasema mwishowe. "Vinane vilivyobaki vililala kwenye soksi za nani? Mimi nimeshindwa, Mama. Amueni ninyi mnaoweza kusimama bila magongo."

Mama Ufoo akaurudisha ufunguo mezani. Akasema ana mpaka kesho saa moja asubuhi, kwa sababu hakuna ndege itakayopaa tena na kadi aliyoiandika rubani mwenyewe. Na akasema jambo la mwisho, kwamba hatafuti asiyekosea, maana ndani ya chumba kile hayupo. Anatafuta jina ambalo watu wawili watakaopanda kesho wanaweza kulilalia.

Mimi nimefika mahali pangu pa kunyamaza. Msiniambie wagawane, ufunguo ni mmoja na kadi ina nafasi moja, na mama yule hatarudia agizo. Yupo aliyegundua kilichoharibika, naye ndiye aliyekiharibu. Yupo aliyekataa hema bovu, na kukataa kwake kukawapeleka watu kwenye wingu. Na yupo aliyewafungulia begi kwa meno yao wenyewe, akawanyima jua la asubuhi, kisha akasema ukweli wakati ambapo uongo ungemlipa. Nanyi msiseme haraka kwamba ukweli wake ndio unaompa ufunguo, mpaka mmemtazama Olotu akitembea. Wala msiseme haraka kwamba unamnyima, mpaka mjiulize kama wenzake wangefungua vinywa bila yeye kuanza.

Kumepambazuka. Injini inawashwa kiwanjani, begi liko mlangoni, na kadi tupu iko mbele yenu. Kalamu hii hapa. Andikeni jina moja.